Bei ya nishati: je, serikali iweke ukomo?

Mlipa Ankara: Bei ya gesi na umeme inapopaa ghafla, je, serikali iweke ukomo au iliache soko liamue? Mimi nasema ukomo uwekwe bila kusita. Mwenye kiwanda kidogo hawezi kuahirisha umeme kama anavyoahirisha kununua gari, kwa kuwa tanuri likizimika katikati ya kazi, malighafi yote iliyomo imepotea. Mwekezaji anayenenepa kwa shida hiyo ni kupe, na sioni sababu ya kumlinda.

Mhasibu Mstaafu: Ndugu yangu, ningekuunga mkono kwa mengi, lakini neno "kupe" limenichoma, kwa sababu nimeandaa hesabu za miradi ya umeme kwa miaka mingi. Gharama za mtambo wa umeme wa jua hulipwa karibu zote kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Jua halina bei, ila riba ya mkopo inayo. Hispania iliahidi malipo mazuri kwa umeme wa jua mwaka 2007, watu wakamiminika, na kuanzia mwaka 2010 serikali ikaanza kuyapunguza hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa. Wawekezaji wa kigeni walikimbilia mabaraza ya kimataifa ya usuluhishi, na wengi wao wakashinda. Familia za Kihispania zilizokuwa zimekopa ili kumiliki sehemu ya mitambo hiyo hazikuwa na mlango huo. Je, nao ni kupe?

Fundi Mitambo: Mzee wangu, shikamoo. Umetuletea familia hizo ili tuwasahau wakubwa. Jimbo la California liliachia bei zote za umeme kwa sheria ya mwaka 1996, na matokeo yake tuliyaona mwaka 2000 na 2001: wafanyabiashara wa Enron, kampuni ya Marekani iliyouza na kununua nishati, walichezea soko, mitambo ikazimwa wakati umeme unahitajika, na watu wakakaa gizani. Hiyo ndiyo kazi ya mwekezaji asiyesimamiwa.

Mhasibu Mstaafu: Marahaba, lakini hapo naomba nikusahihishe, kwa maana kosa hilo linabeba hoja yako nzima. California haikuachia bei zote. Iliachia bei ya jumla, huku bei ya rejareja ikifungwa kwa sehemu kubwa ya wateja. Kampuni za kusambaza umeme zikawa zinanunua kwa bei ya juu mno na kuuza kwa bei iliyofungwa, mpaka PG&E, mojawapo ya kampuni hizo, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Aprili 2001. Hila za Enron sizitetei hata kidogo, lakini sheria ile ndiyo iliyoziachia nafasi.

Fundi Mitambo: Nakubali marekebisho hayo, ila sikubali kwamba ukomo ndio mkosaji. Tatizo lilikuwa kufunga upande mmoja na kuacha mwingine wazi.

Mhasibu Mstaafu: Hata Uingereza ilifanya hivyo hivyo. Ukomo wa bei kwa wateja wa majumbani ulianza Januari 2019, na gesi ilipopanda mwaka 2021, wauzaji zaidi ya ishirini walianguka, hasa wale ambao hawakuwa wamenunua gesi mapema kwa mikataba. Gharama za kuwahamishia wateja wao kwa kampuni nyingine zikagawanywa kwenye ankara za watu wote, wakiwemo wale ambao ukomo ulikusudiwa kuwakinga.

Mlipa Ankara: Kwa familia za Hispania, neno "kupe" nalifuta, na ninaziomba radhi. Kwa waliozima mitambo ili bei ipande, silifuti. Sasa naona swali langu lilikuwa pungufu, kwa sababu nilitaja ukomo bila kumtaja anayeziba pengo. Ufaransa ilizuia bei ya umeme isipande zaidi ya asilimia 4 mwaka 2022 na kuilazimisha EDF, kampuni yake kubwa ya umeme, iwauzie washindani wake umeme zaidi kwa bei ya chini, mwaka ule ule ambao vinu vingi vya nyuklia vya EDF vilikuwa vimesimama kwa ajili ya matengenezo. Hasara ya kampuni hiyo ikafika karibu yuro bilioni 18. Bado nataka ukomo. Lakini siku unapotangazwa, bajeti ionyeshe fungu la kuufidia na tarehe ya mwisho wake, ili mwenye kiwanda na aliyemkopesha mwenye mtambo wapange hesabu zao kwa maandishi yale yale.

Mhasibu Mstaafu: Kwa masharti hayo mawili, ndugu yangu, hata mimi nautaka. Tarehe ya mwisho ndiyo itakayokusumbua, hasa ikiangukia karibu na uchaguzi.