Peaji (ushuru wa barabara) ya elektroniki njia ya Kasumbalesa: tuwaite hawa wageni au tuwakatae?

Mwana wa Ruashi
Wandugu, nataka maoni yenu. Kuna kampuni za Ulaya zimekua kwa kazi moja tu, kutoza barabara bila gari kusimama. Chukueni Kapsch TrafficCom ya Vienna. Tarehe 1 Januari 2004 mfumo wao ulianza kutoza malori ya zaidi ya tani 3.5 kwenye barabara kuu za Austria. Mwaka 2007 wakawa Cheki, na mwaka huohuo wakaingia soko la hisa la Vienna. Mwaka 2011 Polandi, mwaka 2013 Gauteng kule Afrika Kusini. Lori linabeba kisanduku kwenye kioo cha mbele, juu ya barabara kuna antena, vinasalimiana, pesa inakatwa, basi. Sisi kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilomita kama 90, na bado mtu ananyoosha mkono dirishani na noti. Mimi nasema tuwaite. Na foleni ikiisha, hata wale mama wanaovamia magari na mikate na maji watapungua, njia ipumue.

Mtoto wa Kenya
Yaya, kaka yangu, umeanza vizuri halafu umemalizia kwa kutukana. "Wanaovamia"? Mimi ni wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi; mama yangu ameuza mikate kando ya njia hiyo na mimi nimesoma kwa mikate hiyo. Hakuvamia gari la mtu. Aliitwa. Shofa anapiga honi, mama anakimbia juani na beseni kichwani. Wewe ukiwa ndani ya gari lenye hewa baridi unaona uvamizi.

Injinia wa Golf
Tusiache hoja. Gauteng ameitaja kama ushindi, na si ushindi. Mfumo wa kule ulianza Desemba 2013, ukazimwa Aprili 2024. Antena zilisoma, kamera zilisoma namba, bili zilitoka. Watu walikataa kulipa. COSATU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, walipinga, OUTA, shirika la raia, walipinga, makanisa yakapinga, na mtu wa kawaida akaweka bili kando. Oktoba 2022 serikali kuu ilitangaza kwamba itabeba asilimia 70 ya deni la barabara hizo na jimbo la Gauteng asilimia 30. Yaani aliyekataa kulipa barabarani amelipa kwa kodi. Teknolojia ilifanya kazi miaka yote hiyo, mkubwa. Kilichokosekana ni mtu kumwamini anayemtoza.

Katuba Juu
Mimi nilisikia Wajerumani ndio walioanza haya mambo, tena kwa setilaiti.

Injinia wa Golf
Hapana, mzee. Wajerumani waliahidi 2003, wakakwama, wakaanza 1 Januari 2005. Wao ndio wa setilaiti, kwa malori. Wanorwe walikuwa na visanduku tangu miaka ya 1980. Kampuni yao, Q-Free ya Trondheim, imezaliwa 1984.

Mwana wa Ruashi
Mdogo wangu wa Kenya, sikumtukana mama yako. Nimesema barabara. Lori la tani 40 linasimama ghafla, mtoto amebebwa mgongoni, mama anakimbilia dirisha. Nimeona ajali kwa macho yangu. Ukinipenda, nisaidie kumtoa mama yako pale. Kumtetea abaki si upendo.

Mtoto wa Kenya
Kumtoa aende wapi? Andika. Usiishie kwenye "kumtoa".

Shofa wa Kasumba
Miye niko shofa wa lori tangu 2011, Lubumbashi–Kasumba, siku zingine Kolwezi. Acheni miye niseme kile najua. Foleni yenye munalia haiko ya peaji. Peaji ni dakika. Foleni njo ya duane, ile forodha, mupaka, makaratasi. Nimelala siku tatu ndani ya lori upande wa Zambia, hakuna peaji pale penye nimelala. Muweke kisanduku, muweke antena ya dhahabu, miye nitafika mupaka haraka zaidi na nitalala siku tatu ileile.

Injinia wa Golf
Asante sana, kaka shofa. Hilo ndilo nililotaka mtu wa njia aseme.

Mwana wa Ruashi
Shofa, nakuheshimu, lakini dakika zako mara malori mangapi? Na noti ile inayopita mkono kwa mkono, unaamini yote inafika? Kisanduku hakili kitu. Mashine haina shangazi wa kumlisha.

Kampemba Moja
Mashine haina shangazi, mwenye mashine anaye. Tunayo FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, tangu sheria ya 2008; pesa za mafuta na za peaji ni za kutunza barabara. Kabla ya kisanduku chochote mimi nataka kibao kikubwa pale peajini: mwezi huu zimeingia kiasi hiki, zimejaza mashimo haya. Kibao cha rangi na brashi. Hakihitaji Vienna.

Mtoto wa Kenya
Bado nasubiri jibu. Aende wapi?

Mama wa Kisanga
Wanangu, mnatuongelea kama mbuzi sokoni na sisi tunasoma. Mimi nauza njia hiyo: mayai ya kuchemsha, maji, mikate, siku za Jumamosi sambusa. Mwana wa Ruashi, ajali unayosema ni kweli, na mimi nimeziona zaidi yako, kwa hiyo usinifundishe hatari. Nasimama pale kwa sababu lori linasimama pale. Wateja wangu ni mashofa. Wengine wananidai, wengine nawadai, nimeandika majina yao kwenye daftari. Mtu ambaye lori lake limeharibika nimempa bukari, ugali wetu, siku mbili bila franka moja, akalipa mwezi uliofuata. Hiyo sijaona mashine ikifanya.

Katuba Juu
Mama, heshima. Mwana wa Ruashi, omba msamaha.

Mwana wa Ruashi
Mama, neno "wanaovamia" nalirudisha. Lilitoka vibaya, nisamehe. Lakini hoja ya kisanduku sirudishi. Austria walianza na malori peke yake, na malori ndiyo yanayoipasua njia yetu. Mwenye lori la shaba atalipa kabla, pesa iko ndani ya kisanduku. Hatumtumii bili mtu wa Katuba asiye na anwani ya nyumba. Gauteng walimtoza mtu anayekwenda kazini asubuhi, ndiyo maana ilikufa. Injinia, hapo huna jibu.

Injinia wa Golf
Ninalo. Wa kulipa kabla, nakubali, ni bora. Ila lori la Tanzania likija bila kisanduku? La Zambia? Mwenye kisanduku kilichokufa? Utaweka kizuizi na mtu wa noti pembeni. Basi una mifumo miwili na unailipa yote. Ili kamera imfuate mkaidi unahitaji daftari la namba za magari lililo sahihi, na namba ngapi hapa ziko kwa jina la mtu aliyekwisha uza gari mara tatu? Anza na daftari hilo. Kampuni itakuja, itauza antena, na daftari utabaki nalo wewe.

Shofa wa Kasumba
Kuna kitu hamujasema. Bosi ananipa feza ya njia mukononi. Peaji, parkingi, chakula. Ile yenye inabaki njo miye nanunua mayai kwa mama Kisanga. Siku kisanduku kitakuja, bosi atalipa ku ofisi, kwa telefone. Feza ya njia itakatwa. Atasema, peaji nimelipa, sasa unataka feza ya nini? Miye nitapita na njala, nitapiga mama mukono tu.

Mtoto wa Kenya
Soma hapo, yaya. Soma mara mbili.

Mwana wa Ruashi
Nimesoma. Hilo ni la bosi na shofa wake kupatana. Siwezi kuacha barabara ya mkoa mzima ibaki ya noti ili bosi mmoja asibane mfuko.

Kampemba Moja
Si bosi mmoja.

Mama wa Kisanga
Wanangu, mimi nina swali moja na sijaona wa kunijibu. Watu wa hicho kisanduku wakija, watakaa na serikali, watakaa na wenye malori. Hata shofa hawatamwita, sembuse mimi. Basi nani atanijulisha siku ya kuanza? Maana mikate ya Jumatatu nachukua kwa deni tangu Ijumaa.