Beji za kamba, huduma ya kwanza na mwelekeo: nitazipimaje kwa Chipukizi?

UweTayari_Maseno

Hamjambo viongozi wenzangu wa skauti. Nina Chipukizi 24 hapa Maseno, yaani skauti wa miaka 11 hadi 14. Tunakutana kila Ijumaa saa kumi jioni, kwa muda wa saa moja na nusu tu. Muhula huu wa pili nataka wamalize beji tatu: kamba na kufunga fito, huduma ya kwanza, na kutafuta mwelekeo. Wakiulizwa maswali wanajibu vizuri mno, lakini ukimpa mtoto kamba mkononi anakwama. Nianze na beji ipi, ninunue nini, na nipimeje ili beji isishonwe kwenye shati la mtoto ambaye mikono yake bado haijui kazi? Jambo lingine: tukipima mwelekeo kwa kivuli cha fimbo, mstari wetu haukubaliani na dira. Kosa liko wapi?

FitoNaKamba_Nakuru

Salamu mwalimu. Anza na kamba, kwa sababu bandeji ya huduma ya kwanza itahitaji mafundo hayo hayo.

Kila mtoto awe na kamba yake ya mita 2, unene wa penseli. Kamba moja kwa watoto wanne ina maana watatu wanatazama. Epuka ile ya nailoni inayong'aa: inateleza, fundo sahihi linafunguka, na mtoto anadhani amekosea yeye. Pamba au katani inafaa.

Kwenye rifu, fundo la kuunganisha ncha mbili, kosa ni lile lile kila mahali. Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Mtoto akirudia upande mmoja mara mbili, linatoka fundo linaloteleza. Huna haja ya kulivuta ili ulitambue: tazama ncha. Zikilala sambamba na kamba yenyewe, ni rifu. Zikichomoza pembeni kama masikio, afungue aanze upya. Wafundishe pia kwamba rifu ni la bandeji na vifurushi. Kuunganishia kamba mbili za kubeba mzigo ni hatari, na beji isitolewe kwa mtoto asiyejua hilo.

Sasa kufunga fito mbili zilizopishana msalaba. Fito za unene wa sentimita 5 hivi zinataka kamba ya katani ya mita 4. Funga klovu, fundo la kushikiza kamba kwenye fito, kwenye fito ya wima, chini kidogo ya ile ya mlalo. Sokota ncha fupi kwenye kamba ndefu ili isichomoke. Zungusha mara 3, ukipita mbele ya mlalo na nyuma ya wima, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Halafu pitisha kamba katikati ya fito zenyewe, mizunguko 2 ya kukaba, umalize kwa klovu kwenye fito ya mlalo. Watoto huzungusha yote kwanza ndipo wavute mwishoni. Haikazi hivyo! Kila mzunguko uvutwe peke yake, na ile miwili ya kukaba ivutwe kwa uzito wa mwili.

Kama fito ni za blugamu mbichi, menya ganda kwanza. Ganda bichi hubanduka chini ya kamba na fundo lote linashuka nalo. Fito mbichi pia husinyaa zikikauka, kwa hiyo meza iliyosimama imara jioni inaweza kuyumba kesho yake adhuhuri. Kukagua na kukaza upya kila asubuhi kuwe sehemu ya beji.

Kipimo: watoto sita wajenge meza ya kunawia ibebe ndoo ya lita 20 iliyojaa, yaani kilo 20, kwa nusu saa. Fundo za mtu mmoja mmoja zipimwe wiki mbili baada ya somo la mwisho, bila kukumbushwa. Bolaini, fundo la kitanzi kisichokaza, kila mtoto aifunge kiunoni mwake akiwa amefumba macho.

MuuguziWaKambi_Kakamega

Nachangia upande wa huduma ya kwanza. Nunua mita 6 za kitambaa cha amerikani chenye upana wa mita 1 hivi. Kata vipande vya mraba, kila kimoja ukipasue kutoka pembe hadi pembe. Utapata bandeji 12 za pembe tatu, moja kwa kila watoto wawili. Leso kuukuu hufaa vilevile. Fundo la kombeo ya mkono (kitambaa cha kubebea mkono ulioumia) liwe rifu na likae kando ya shingo, lisikae juu ya uti wa mgongo, na vidole vya mgonjwa vibaki juu kidogo ya kiwiko. Vikining'inia, mkono utavimba.

Kupima usiulize "utafanya nini?" Lala chini ushike mkono kama uliyeumia, ukae kimya. Mtoto anayekukimbilia bila kutazama kwanza kama pale pana hatari (moto, waya wa stima, barabara) hajafaulu, hata kama bandeji yake itapendeza.

Kuchomeka moto ndiko watoto wengi huanguka. Maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, nao huacha baada ya mbili. Weka saa. Kambini ambapo hakuna mfereji, mtungi wa lita 20 ukimiminwa taratibu, lita moja kwa dakika, unatosha barabara. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia visiguse kidonda.

Damu ya pua: ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia achungulie. Kuumwa na nyoka: hakuna kuchanja, kufyonza wala kufunga kamba ya kuzuia damu. Vueni bangili na pete, tulizeni kiungo kwa gango, mgonjwa abebwe hadi hospitali, asitembezwe. Kila mtoto ajue kupiga 999 au 112 na kueleza mahali alipo kwa alama ambayo dereva mgeni anaweza kuiona.

KivuliChaFimbo_Kisumu

Mwalimu, hamjakosea kufuata hatua. Maelezo mengi ya kivuli yameandikiwa nchi zilizo mbali na ikweta, na ninyi mnakaa juu yake.

Ile kanuni kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini haifai Maseno. Mwezi Juni jua liko kaskazini yetu, basi kivuli huelekea kusini: fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha sentimita 43 hivi. Desemba hugeuka kaskazini kwa urefu huo huo. Karibu na Machi 21 na Septemba 23 kinapotea kabisa.

Njia ya alama mbili (weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 15, weka la pili, la kwanza ni magharibi na la pili ni mashariki) ni sahihi karibu na tarehe hizo mbili, saa yoyote. Juni, tena saa kumi jioni, ncha haiendi mashariki moja kwa moja, inakwenda huku ikisogea kusini. Mstari unapinda nyuzi 18 hivi. Hilo ndilo mnaloliona kwenye dira.

Tiba yake ni kupima pande mbili za kilele cha jua. Hapa kwetu jua halifiki kileleni saa sita kamili, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45 nasi tuko karibu 35. Mwezi Juni ni saa sita na dakika 40 hivi. Weka jiwe la kwanza saa sita na dakika 25, la pili saa sita na dakika 55. Yatakuwa umbali wa sentimita 13 hivi, na mstari wake ni mashariki-magharibi kweli. Fimbo isimame wima kwa kupimwa na jiwe lililofungwa kwenye uzi, na ardhi iwe sawa. Itawabidi mtafute Jumamosi moja.

Kwa dira, kila mtoto aache sarafu chini, aende nyuzi 40 hatua 50, kisha 160 hatua 50, kisha 280 hatua 50. Anapaswa kurudi kwenye sarafu. Akiwa mbali kwa zaidi ya hatua tatu, arudie. Wakae mbali na mabati, simu na vifungo vya chuma vya mikanda.

UweTayari_Maseno

Nimeshukuru sana, hasa hilo la Juni. Je, nipime mwenyewe? Na mtoto akianguka sehemu moja arudie beji yote?

FitoNaKamba_Nakuru

Aliyefundisha asipime; badilishaneni na kiongozi wa kikosi jirani. Usimrudishe mwanzo. Arudie ile sehemu tu, baada ya wiki moja, akiwa na kamba yake nyumbani.