Pawa saplai isiyopiga kelele, bei ya kawaida

Kijana_wa_Ntinda: Wakubwa, naomba ushauri. Nina kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G, RAM GB 16, SSD moja, sina kadi ya picha. Pawa saplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) iliyokuja na kasha inavuma kama kinu cha posho. Nitafute wati ngapi?

Fundi Waya: Mashine hiyo hata ikibanwa haifiki wati 150. Ya wati 450 yenye alama ya 80 Plus Bronze (yaani haipotezi umeme mwingi kuwa joto) inatosha na kubaki. Feni hukimbia kwa sababu ya joto. Saplai ikibeba theluthi tu ya uwezo wake, feni huzunguka taratibu. Iwe ya milimita 120, si ile ndogo ya 80. Zile za "wati 600" nyepesi kama kopo tupu, ziogope. Soma stika: zidisha ampea za mstari wa +12V (ndio unaobeba mzigo mkubwa) mara 12, upate wati. Ya 450 halisi hukaribia 440. Ukipata 250, iache dukani.

Dada Koili: Kwanza zima, chomoa waya, puliza vumbi huku umezuia feni kwa kijiti. Usiifungue saplai, kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) hubaki na umeme. Na kama mlio ni mwembamba kama wa mbu, hiyo ni koili (waya uliosokotwa ndani) inayotetemeka, vumbi halihusiki.

Fundi Waya: Kweli. Tena ukikuta swichi ya 115/230 nyuma, iwe 230. Umeme wa Uganda ni volti 240. Ukiiwasha ikiwa 115, inalipuka papo hapo.

Kijana_wa_Ntinda: Nimesoma stika yangu: ampea 16. Kumbe wati 192!