Wakuu, haki ya mazingira mtaani inapimwaje?

Mdadisi: Salaam wakuu. Tunakaa upande ambao moshi wa kiwanda unaelekea kila jioni. Tulichanga tukanunua kipima hewa cha bei nafuu, tukakitundika dirishani. Tuna daftari la miezi miwili limejaa namba. Tumelipeleka kwa wahusika, tukajibiwa wastani wa eneo zima uko sawa. Tumekosea wapi?

Mzee_wa_Jedwali: Mkuu, kipimo kimoja kinakuonyesha hewa tu. Haki, yaani nani anabebeshwa moshi kuliko wenzake, huonekana ukilinganisha. Wekeni kingine upande upepo unakotoka, kimo kilekile, saa zilezile. Ila kwanza vikae pamoja wiki nzima muone kama vinakubaliana.

Chembe_Laini: Na unyevu jamani! Vipima hivi huhesabu chembe kwa mwanga, sasa kukiwa na ukungu matone ya maji nayo yanahesabiwa vumbi. Niliwahi kuwaamsha majirani alfajiri kwa "moshi", kumbe ni umande. Mpaka leo wananicheka. Halafu msikosee kikomo: tangu 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri PM2.5, yaani chembe laini sana za hewani, isizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, au 15 kwa saa 24. Namba zenu za miezi miwili zipimeni kwa hiyo 15, siku kwa siku.

Mama_Ramani: Huo wastani ndio unaowameza. Mwaka 1987 kanisa la United Church of Christ, Marekani, lilitoa ripoti bila kupima hewa hata kidogo. Walilinganisha maeneo ya misimbo ya posta yenye vituo vya taka za sumu na yasiyo navyo, wakakuta rangi ya wakazi inaeleza tofauti hiyo zaidi kuliko hata kipato. California nao, kwenye CalEnviroScreen, ramani yao ya maeneo yaliyolemewa na uchafuzi, huzidisha mzigo wa uchafuzi kwa hali ya watu: pumu, umaskini, ukosefu wa kazi. Kwa hiyo piteni nyumba kwa nyumba: wenye pumu wangapi, watoto wangapi. Majina msiandike.

Mdadisi: Asante dada. Hilo la pumu hatukuliwaza kabisa.

Mzee_wa_Jedwali: Swali moja. Kibali cha kiwanda kilipoombwa, tangazo lilibandikwa wapi?

Mdadisi: Ndani ya geti la kiwanda, mkuu.

Mzee_wa_Jedwali: Basi hicho nacho ni kipimo. Kiandike ukurasa wa kwanza, juu ya namba zote.