Mafundi wa bunduki hukutana na hitilafu gani mara nyingi?

Mkazi wa Lang'ata:
Hamjambo ndugu zangu. Nina bastola ya milimita 9 ninayoimiliki kwa cheti. Katika mazoezi ya majuzi kule Kirigiti, Kiambu, ganda tupu la risasi lilibanwa mara kadhaa likiwa limesimama wima kwenye tundu la kutokea, na slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, ikashindwa kufunga. Kabla sijaipeleka kwa fundi, ningependa kujua ni matatizo gani hasa yanayofikishwa karakanani, na ni lipi ninaloweza kulichunguza mwenyewe bila kuharibu kitu.

Fundi Mstaafu:
Ndugu yangu, silaha nyingi zinazoletwa kwa fundi hazijavunjika popote. Ama ni chafu, ama zimelowa mafuta kupita kiasi, ama magazini zake, yaani vikasha vya kupakia risasi, zimechoka. Ganda linalosimama wima kwa kawaida humaanisha kwamba slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha, au kwamba ndoano ndogo inayolichomoa ganda kutoka chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, imejaa masizi na haishiki vizuri. Mshiko legevu wa mkono huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo mwombe mpigaji mzoefu aijaribu kwa risasi zilezile kabla hujalipia springi mpya.

Risasi mpya inapogonga mlango wa chemba badala ya kuingia, hapo ndipo ninapoishuku magazini. Ziandike zako namba kwa kalamu ya wino. Ikiwa tatizo linaifuata namba mbili kila mara, bastola haina kosa, ni midomo ya magazini hiyo iliyopinda au springi yake iliyolegea.

Kuhusu mafuta, watu hudhani kwamba mengi ndiyo matunzo. Yakichanganyika na vumbi na masizi hugeuka uji mweusi, na yakiingia kwenye njia ya pini inayogonga risasi, pini huenda polepole na kuigusa fataki ya risasi bila kuiwasha. Tone dogo kwenye reli za slaidi linatosha.

Mkulima wa Limuru:
Naomba kuongeza habari za bunduki za marisau na zile za zamani. Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini Kenya mwaka 1977, nyingi zimebaki kabatini, na grisi ya kale imegandamana ndani hadi kifyatulio hakirudi. Tatizo jingine ambalo wengi hawalitambui ni kuisimamisha bunduki mtutu ukiwa juu kwa miaka: mafuta huteremka taratibu hadi kwenye mti wa kitako, mti unalainika, kisha unapasuka pale unapokutana na chuma. Huku kwetu kwenye ukungu, kutu nayo huanza upande unaogusa ngozi ya mfuko.

Mpigaji wa Jumamosi:
Kwa maoni yangu, bastola ya kisasa unaweza kuifungua yote nyumbani ukifuata video. Bisibisi na pini ya kugongea vinatosha.

Fundi Mstaafu:
Hapana, bwana. Kufungua kwa ajili ya usafi, kwa kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyoruhusu, ni haki ya mwenye silaha. Kuzidi hapo ndiko kunakotuletea skrubu zilizolika vichwa, springi zilizowekwa kinyume na vifyatulio vilivyopigwa tupa hadi vikawa vya hatari. Isitoshe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka anayefanya biashara ya kurekebisha silaha awe amesajiliwa, basi muulize fundi usajili wake kabla ya bei.

Mkazi wa Lang'ata:
Ahsanteni sana. Je, kuna ubaya kuitoa risasi kwenye chemba kila jioni na kuirudisha ileile asubuhi?

Fundi Mstaafu:
Upo. Kila inapoingizwa, kichwa cha risasi hugonga na kinaweza kusukumwa ndani ya ganda, na mgandamizo wa gesi ukapanda mno inapofyatuliwa. Ilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi; ikiwa fupi, itenge. Na siku ukiwa uwanjani ukasikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kupiga papo hapo, kwa sababu huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itauvimbisha au kuupasua. Baada ya hapo mtutu huo haurekebishiki, hununuliwa mwingine.