Tupeane uzoefu: je, mtahiniwa wa uzamivu anaweza kuwauliza watahini maswali yake mwenyewe?

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi ujao natarajia kutetea tasnifu yangu hapa Kampala, na msimamizi wangu amenishauri nisifike mbele ya jopo nikiwa na majibu pekee, bali niwe tayari kuuliza pia. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mkubwa akiuliza, mdogo hujibu. Naomba waliokwisha kupita huko waeleze waliuliza nini, wakati gani, na jopo lilipokeaje.

Mchangiaji wa Mukono:
Tasnifu yangu ilihusu mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ugonjwa ulioripotiwa Uganda mwaka 2001. Mtahini wa nje aliniuliza kwa nini sikupima jinsi unavyoenea. Ugonjwa huu hupita kutoka mgomba hadi mgomba kwa panga lisilosafishwa, lakini pia huchukuliwa na wadudu wanaofuata ua dume, na ndiyo maana wakulima hushauriwa kuliondoa ua hilo kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Nikasema: "Profesa, kabla sijajibu, unakusudia kuenea ndani ya shamba moja, au kutoka shamba hadi shamba?" Alitafakari kidogo, akasema anakusudia la pili, ambalo nilikuwa nimelishughulikia katika sura ya nne. Ningalikisia tu, ningalimaliza muda wote nikizungumzia mapanga. Hata hivyo nasisitiza kwamba swali la namna hiyo litokane na nia ya kuelewa, kwa maana watahini humtambua upesi anayeuliza ili akwepe.

Mchangiaji wa Mbarara:
Naafiki, ila pitia kwa mwenyekiti. Mimi nilimgeukia mtahini moja kwa moja nikiomba anionyeshe ukurasa anaouzungumzia, na mwenyekiti akanikatiza kwamba anayeulizwa pale ni mimi. Niliumia sana, kwani ombi lenyewe lilikuwa la haki. Sasa nawafundisha wanafunzi wangu kuanza hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba ruhusa nipate ufafanuzi."

Mchangiaji wa Kampala:
Desturi hutofautiana. Wenzetu waliosoma katika programu za pamoja kati ya Makerere na vyuo vya Uswidi hutetea hadharani mbele ya mpinzani, yaani msomi aliyeteuliwa rasmi kuihoji tasnifu, na mjadala huko huwa wa pande mbili.

Mchangiaji wa Gulu:
Swali lililonifaa kuliko yote niliuliza baada ya uamuzi kutangazwa: ni marekebisho yapi yanayogusa hitimisho langu, na yapi ni ya uandishi tu? Mtahini wa ndani alifungua nakala yake, akanipitisha ukurasa kwa ukurasa, kisha jopo likaeleza ni nani atakayehakiki kazi iliyorekebishwa. Ndugu, usitoke chumbani kabla hujalijua hilo, kwa sababu ripoti za watahini huandikwa na watu tofauti, na mtahini mmoja anaweza kukutaka upanue sehemu ileile ambayo mwenzake anataka uipunguze.