Jina la mgeni wetu

Bibi (Ngamiani): Asalaam aleikum wanangu. Leo siku ya pili tunaita "mtoto, mtoto" tu. Mimi jina ninalo: Shaabani, la marehemu baba yenu. Mwasemaje?

Shangazi (Pangani): Waaleikum salaam mama. Mimi naafiki.

Mama Mtoto: Shikamoo mama. Moyoni mwangu nilikuwa na Rayyan, ule mlango wa peponi wanaoingilia wafungaji. Shaabani silikatai, ila nataka kwanza nilijue. Maana yake nini?

Bibi: Marahaba mwanangu. Umeuliza la maana. Ba'mkubwa wake atueleze.

Ba'mkubwa (Makorora): Ni mwezi wa 8 wa Hijria, baina ya Rajabu na Ramadhani. Asili yake Kiarabu, neno la kutawanyika. Wanazuoni wametaja sababu mbili. Ya kwanza, Waarabu wa kale walikuwa wakitawanyika mwezi huo kutafuta maji. Ya pili, Rajabu ni katika ile miezi minne mitukufu ambayo vita ni mwiko, sasa ikiisha tu wanatoka makundi kwa makundi kwenda kupigana.

Mama Mtoto: Kutawanyika tena, shemeji? Familia yenyewe huyu Dar, yule Muscat. Leo nimpe mwanangu jina la kutawanya watu?

Ba'mkubwa: Usihofu shemeji. Herufi hizohizo ndizo zinazotoa *shu'ba*, yaani tawi. Mtume (s.a.w.) aliposema imani ina matawi sabini na kitu, neno alilotumia ni hilo. Na *sha'b*, watu wa kabila au taifa moja, nalo limo humo. Mwembe ukitoa matawi umekua, haujavunjika.

Shangazi: Tena Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba ukitoa Ramadhani, hakuna mwezi ambao Mtume alifunga kwa wingi kama Shaabani. Kwa hiyo wifi, hao wafungaji wako wa Rayyan hawako mbali na jina hili.

Mama Mtoto: Hilo limenigusa wifi.

Ba'mdogo (Dar): Lakini jamani, Alhamisi aliyozaliwa si ilikuwa 29 Rajabu? Huyu basi ni Rajabu, tumpe haki yake.

Baba Mtoto: Mimi nilikuwa nje ya wodi. Magharibi imeshaswaliwa, watu wanatoka msikitini, ndipo nesi akaniita. Saa 1 na nusu usiku hivi.

Ba'mkubwa: Basi imekwisha. Siku yetu huanza jua likizama, na mwezi ulitangazwa kuonekana usiku uleule. Mtoto ni wa mosi Shaabani, usiku wa kuamkia Ijumaa. Siku yake ya saba ni Alhamisi ijayo.

Bibi: Mnaona! Zamani ukiitwa Rajabu, Shaabani au Ramadhani, watu wanajua umekuja lini. Miezi mingine sisi Waswahili tunaihesabu kwa mifungo. Shawwali mfungo mosi, mwezi wa Maulidi mfungo sita, hadi mfungo tisa. Hii mitatu ya mwisho ndiyo tumeiachia majina yake. Baba yenu alizaliwa siku za vunjajungu, mwishoni mwa Shaabani. Mama mkwe alinisimulia, uchungu ulimshika yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, kifuu kimoja amemaliza, cha pili kikabaki na nyama yake mpaka jirani akaja kukimalizia.

Shangazi: Allah amrehemu.

Ba'mdogo: Amin. Nimeridhika mama. Na ni jina la kwetu hasa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapo Machui, Tanga, mwaka 1909.

Shangazi: Na huku Pangani alikuwa karani wa forodha miaka mingi.

Mama Mtoto: Haya, awe Shaabani, kwa moyo mkunjufu kabisa. Rayyan namwekea mdogo wake, inshallah.

Bibi: Mwenyezi Mungu akubariki mwanangu. Umenifuta machozi.

Baba Mtoto: Kesho nafuatilia cheti. Niandike Shabani au Shaabani?

Ba'mkubwa: A mbili. Pale kati kwa Kiarabu kuna herufi ain, na ile a ya pili ndiyo inayoishikia nafasi. Mwambie karani asiipunguze, maana kurekebisha cheti baadaye ni safari ndefu.

Shangazi: Mbuzi wa akika mmoja, wa kumchinjia mtoto siku ya saba, nakuja naye Jumatano. Wa pili wa nani?

Ba'mdogo: Wangu. Kaka, angalia simu yako, hela nimeshatuma.